Tangi la Kaka Omari

Siku ya tatu ya msiba wa kaka Omari, watani wake waliingia uani. Mmoja alijitwika ndoo ya maji kichwani, akawa anayumba huku na huku chini ya turubai na kupiga kelele, "Pisheni, pisheni! Samaki wa Omari wana kiu!" Mwenzake akajilaza kwenye jamvi na kulia kwamba nyumba imemwangukia. Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Ndiyo kazi ya watani, nami sina ugomvi nayo. Msiba usio na watani ni mzito kubebeka. Lakini nilikuwa ndani na wanawake wenzangu, nimenyamaza kama kawaida yangu, na moyoni nilikuwa nimekasirika. Walikuwa wanakosea. Nyumba haikuanguka. Kaka hakufuga samaki kwa majivuno. Na ndoo zile hakubeba yeye, nilibeba mimi. Binti yake mdogo, Zubeda, alininong'oneza, "Shangazi, ni kweli baba alifuga samaki chumbani?" Nikamwambia ni kweli. Akauliza kwa nini. Palikuwa na watu wengi, sikuweza kumjibu. Mimi niliishia darasa la saba na si mwandishi, lakini jambo hili nalijua kuliko wale waliolicheka, kwa hiyo nitaliandika kama lilivyokuwa.

Nilikuwa na miaka kumi na minane nilipoletwa Handeni kumsaidia wifi yangu, Hadija. Kaka alikuwa dereva wa lori kwa wajenzi wa barabara waliopiga kambi Korogwe. Walipomaliza kazi yao waliwauzia wafanyakazi vitu vya kambi, naye kaka akachukua nyumba nzima. Nasema akachukua nyumba kwa sababu ilikuwa ya kubebeka: kuta za bati nje na bati ndani, katikati sponji, sakafu ya mbao nyembamba zilizogandishwa pamoja kwa gundi, juu ya vyuma vyembamba kama fito. Ilikuja vipande vipande juu ya lori, ikaunganishwa kwa skrubu kwenye kiwanja chake karibu na barabara ya soko, ikasimamishwa juu ya matofali kiasi kwamba kuku walipita chini yake bila kuinama. Majirani waliiita Kopo. Asubuhi ilikuwa baridi, saa saba mchana ilikuwa tanuri. Ukitembea sebuleni, vikombe viligongana jikoni, na jiko lenyewe lilikuwa kibanda cha nje kilichoegemezwa ukutani. Humo ndani hapakuwa na siri. Mtu akigeuka kitandani chumba cha pili, ulijua amelalia ubavu upi.

Ndiyo maana najua kaka na wifi walivyokuwa wanazungumza, au walivyokuwa hawazungumzi. Kaka alirudi jioni, akasimama mlangoni mwa chumba na viatu vyake miguuni, akauliza, "Umeshindaje?" Wifi akajibu, "Salama." Kaka akasema, "Haya," akatoka kwenda kukaa barazani. Hayo yalikuwa mazungumzo. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu ambaye maneno yalimkwama, na badala ya maneno alileta vitu. Alileta ndizi za Lushoto alizonunua Mombo, alileta kitambaa, alileta redio. Akikuletea kitu alikikabidhi na kugeuka kabla hujamaliza kumshukuru. Mimi mwenyewe aliniletea kandambili siku ya kwanza, akaziweka mbele yangu kama mtu anayelipa faini.

Wifi alikuwa mjamzito, na mimba mbili za kabla ya hiyo zilikuwa zimetoka. Nesi wa hospitali alimwambia mbele yangu, bila kuzungusha: "Hii ukiitaka, lala. Si kulala usiku. Kulala. Ukiinuka, iwe ni kwenda msalani." Tulirudi nyumbani na amri hiyo, na toka siku ile maisha yangu yakawa ya kumkimbiza mwanamke mzima arudi kitandani. Nikienda bombani, nikirudi namkuta anafagia. Nikiwasha moto, namsikia anaburuta meza. Siku moja nilimkuta ameshika mchi, anatwanga mahindi, jasho linamtoka. Nikamnyang'anya.

"Wifi, unataka niseme nini kwa kaka?"

"Useme nimechoka kuangalia bati," akasema. "Wewe Sauda, jilaze hapo kutwa nzima, uone. Bati juu, bati kulia, bati kushoto. Hata mfungwa ana dirisha."

Dirisha lilikuwepo, ila lilitazama ukuta wa choo cha jirani. Nilimweleza kaka. Alisikiliza, akasema, "Haya," akaondoka. Baada ya siku chache alirudi na lori, na juu ya lori palikuwa na tangi la kioo.

Lilikuwa la bwalo la mainjinia kule kambini. Urefu wake ulikuwa kama kitanda, kimo chake kilinifika kifuani likiwa juu ya stendi yake ya chuma. Kule lilikuwa limesimama juu ya sakafu ya zege. Wanaume wanne walilibeba likiwa tupu, wakacheka njia nzima, mmoja akasema, "Kumbe jepesi hivi? Kabati la mama yangu ni zito kuliko hili." Kaka aliyashika maneno hayo kama ushahidi. Wanne wamelibeba, sakafu itashindwa nini? Wakaliweka chumbani, mkabala na kitanda. Nami nikaanza kujaza.

Asiyeijua Handeni ya kiangazi hawezi kuelewa nilivyojisikia. Maji tuliyapanga foleni bombani tangu alfajiri, na bomba likikauka tuliyafuata lamboni, au tuliwangoja wenye mikokoteni ya punda. Ndoo moja iliogesha watu wawili, ikafua nguo za ndani, ikamalizikia kwenye mche wa mpapai. Sasa nilikuwa nachukua ndoo hiyo hiyo na kuimimina ndani ya kioo, ikae tu, itazamwe. Wanawake wa bombani hawakuniacha.

"Sauda, samaki wenu wameoga leo?"

"Mwache, ana haraka. Mmoja anasubiri kusuguliwa mgongo."

"Nami naomba kuhamia kwenu," akasema Mama Rehema, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta. "Nitakaa kimya, nitakuwa nafungua mdomo na kufunga."

Nilitabasamu. Nikajitwika, nikaondoka. Shingo yangu ilijua kila ndoo ina uzito gani, lakini nakiri kwamba hata mimi, niliyezibeba moja moja, sikuwahi kuzikusanya zote kichwani kwa pamoja. Maji yaliyo kwenye tangi tuliyaona kama kitu kingine, kitu cha kupendeza.

Rafiki wa kaka akaleta perege kutoka Mnyuzi, wadogo kwa wakubwa, ndani ya debe. Kaka akawamwaga, akasimama kidogo, akatoka. Na wifi akalala. Lazima niseme ukweli huo ingawa ulinikera. Alilala kwa ubavu akawatazama tangu asubuhi. Aliwapa majina ya watu wa mtaani. Mwenye tumbo alikuwa Mwenyekiti, mweusi aliyefukuza wenzake alikuwa Mama Rehema, na mmoja aliyekaa pembeni peke yake bila kusogea alimwita Omari. Miezi miwili ikapita, fagio likakaa mahali pake, tumbo likaanza kuonekana.

Kisha mlango wa chumba ukakataa kufunga. Nilidhani ni joto. Halafu nikaona kwamba maji ndani ya tangi yalikuwa karibu na ukingo upande wa kitandani, na chini ya ukingo kwa vidole vinne upande wa ukutani. Maji hayawezi kulala upande, nilijua hilo, kwa hiyo kilicholala upande ni tangi. Nikamwita kaka. Alichuchumaa, akatazama chini ya nyumba, akarudi na tofali, akaliweka chini ya mguu wa kitanda uliokuwa umeshuka. Yaani alikiinua kitanda ili kiwe sawa! Tangi akaliacha vile vile. Nilisimama pale na beseni mkononi, sikuamini macho yangu.

"Kaka, sakafu inashuka."

"Nimeona."

"Tupunguze maji."

"Akiona maji yanapungua ataanza kuuliza," akasema. "Akiuliza atainuka."

Hoja hiyo sikuweza kuivunja, na hilo ndilo lililonikera zaidi. Tangi likiondoka, wifi anainuka. Tangi likibaki, linamwendea kitandani. Kaka akaenda Korogwe akarudi na milingoti ya mkonge. Kila mtu wa kwetu anaujua mlingoti wa mkonge: umenyooka, mwepesi, unapatikana bila shida, unafaa ua wa choo na banda la kuku. Ndani yake ni laini kama mkate. Kaka aliikata vipande, akatambaa chini ya nyumba, akaipigilia kwa nyundo kati ya ardhi na sakafu mpaka mlango ukafunga tena. Alitoka na vumbi kwenye nyusi, na siku hiyo nusura atabasamu. Mchwa wa Handeni nao hawakuomba ruhusa. Mwezi haukuisha mlango ukakataa tena, na safari hii nikilala sebuleni nilisikia nyumba inalia, kikwi, kikwi, kama mtu anayekanyaga kitanda cha kamba.

Wakati huo ndipo mama yake wifi, Bi Mwanaidi, alipokuja kutoka Korogwe. Alishuka kwenye basi na mzigo wake wa kanga, akapokea shikamoo yangu, akaingia chumbani, akamkumbatia mwanawe, kisha akageuka akaliona tangi.

"Mwenye mimba hatazami samaki kutwa," akasema. "Mtoto atatoka na mdomo wa perege."

"Mama, akitoka hai na mdomo wowote nitambusu," wifi akajibu.

Mama huyo hakusema tena la samaki. Lakini alikuwa ametembea humo ndani, na miguu yake ilikuwa imesikia kitu. Jioni alinifuata jikoni, akaketi kwenye kibao cha mbuzi, akaanza kunisaidia kuchambua mchicha. Kabla ya hapo kaka alikuwa amenivuta pembeni na kuniambia, "Mama akiuliza habari ya sakafu, mwambie ni ya kawaida, nyumba hizi ndivyo zilivyo." Nikamjibu, "Haya." Sasa Bi Mwanaidi akaniuliza bila kunitazama, "Mwanangu, wewe huna uso wa uongo. Sakafu ile inashuka, haishuki?"

Nikasema, "Inashuka, mama."

Akachambua jani moja, akalitupa. "Basi kesho namchukua mwanangu kwetu. Hatazaa ndani ya kopo, na samaki juu yake."

Usiku huo kila neno lilipita kwenye bati. Kaka alikuja jikoni akanitazama tu, akasema, "Umeniharibia." Nilijibu kwamba aliyeharibu ni aliyepandisha bwawa juu ya fito. Ndiyo mara pekee maishani nilimjibu kaka yangu hivyo, na sijutii. Wifi alikuwa analia chumbani. Barabara ya Korogwe wakati ule ilikuwa ya vumbi na makorongo, na mimba ya pili ilitoka ndani ya basi kwenye barabara ile ile, akipelekwa kwa mama yake. "Mama, nikipanda basi namwacha njiani na huyu," alisema. "Nitakufuata popote, lakini si kwa basi." Bi Mwanaidi alikuwa mama, si jiwe. Asubuhi alimwambia kaka mbele yetu sote, "Baba, nakupa mpaka Ijumaa. Ijumaa nikikanyaga sakafu hii ikalia, nampandisha gari hata kwa kumbeba mgongoni."

Kaka akamleta Mzee Mhina, fundi wa kujenga. Mzee alitambaa chini ya nyumba, akatoka na kipande cha mlingoti, akakibonyeza kwa dole gumba kikabonyea. Hakucheka. Alisema nyumba ile haiwezi kubeba tangi hata ikiwekewa nini, kwa hiyo isilibebe. Tukate sakafu pale lilipo, tuchimbe msingi, tupandishe kuta mbili fupi za matofali ya kuchoma kutoka ardhini mpaka ndani, tangi likae juu yake. "Nyumba iwe shati tu," alisema, "tangi lisimame kwa miguu yake." Lilikuwa jambo jepesi kiasi kwamba nilitaka kukaa chini nilie kwa hasira. Ila lilihitaji tangi liondoke kwanza, na saruji ikauke siku kadhaa.

Tulimhamishia wifi sebuleni na kitanda chake. Maji nikayachota, nikajaza kila chombo cha nyumba: ndoo, madebe, sufuria, hata beseni lililonunuliwa kwa ajili ya mtoto. Vyombo vikakaa uani penye paka, samaki wakakosa mahali salama. Kaka akasema watu wa mtaani watatuwekea. Magharibi ilikuwa inaingia, nami nilikuwa na matope mpaka magotini, nikamwachia kazi hiyo. Akachukua sufuria na bakuli za wifi, kila moja akaweka maji na samaki, akazifunika vizuri kwa sahani ili paka wasiguse, akazungusha nyumba moja baada ya nyingine. Nilimwona kwa mbali mlangoni kwa Mama Rehema. Alinyoosha mikono, akakabidhi, akageuka.

Ijumaa Bi Mwanaidi aliingia chumbani na kukanyaga sakafu kwa kisigino, kona hii na kona ile. Haikulia. Kuta za Mzee Mhina zilikuwa zimetokeza katikati ya chumba kama kaburi la kujengewa, imara, na tangi juu yake, nami nilikuwa nimeshalijaza tena. Maji yalikuwa sawa na ukingo pande zote. Bi Mwanaidi akaugusa ukuta kwa kiganja, akasema, "Sawa." Wanaume wakakirudisha kitanda, wifi akajilaza akitazama maji, akangoja.

Saa hiyo hiyo sufuria ya kwanza ikarudi. Mtoto wa Mama Rehema alinikabidhi uani, imefunikwa kwa sahani yetu. Nilifunua nikakuta kunde. Nikashukuru, sikuelewa. Ikaja bakuli ya pili, ina unga. Ya tatu ina mayai matatu na limao. Ndipo nikaelewa. Kwetu chombo cha jirani hakirudi kitupu, na chombo kilichofunikwa kikija mlangoni magharibi ni kitoweo. Nikakimbia kwa Mama Rehema.

"Mama Rehema, samaki yuko wapi?"

"Samaki? Si tulimla. Tena mwambie Omari ahsante sana, mtamu."

"Aliwaambia nini alipoleta?"

"Alisema, 'Hii hapa.'" Akaanza kunitazama usoni. "Tukasema jamani, watu hawa wana heshima, wameleta mpaka na maji yake. Sauda? Sauda, usiniambie."

Nikamwambia. Akashika kichwa kwa mikono miwili. Nilizunguka nyumba zote na jibu lilikuwa lile lile, hii hapa, ahsante baba. Nyumba moja tu walikuwa bado hawajala, na samaki wao alikuwa ameshaparuliwa. Mwenyekiti ameliwa. Omari ameliwa na ugali. Nilimkuta kaka uani ananawa, nikamwambia yote kwa pumzi moja. Nikamuuliza ilikuwa shida gani kuongeza maneno mawili, "mtuwekee", neno moja hata. Mikono yake ilikuwa inadondosha maji, akawa anatazama mlango wa nyumba.

Kwa sababu ndani tulisikia kitanda. Wifi alikuwa amesikia, bati lile lilikuwa halifichi kitu. Nilipofika mlangoni alikuwa ameshashusha miguu yote miwili, anatafuta kandambili kwa vidole. Hakuwa analia. Alisema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Niletee fagio, Sauda. Pana vumbi la saruji." Bi Mwanaidi akamshika bega, wifi akautoa mkono ule taratibu. "Mama, siwezi," akasema. "Miezi mitatu mingine nikitazama maji matupu, siwezi. Acheni nifagie."

Kaka akanipita mlangoni. Mikononi hakuwa na kitu. Nadhani hicho ndicho kilichomtisha, maana alisimama pale kizingitini mahali pake pa kila siku, akaangalia viganja vyake kana kwamba kitu kingetokea humo. Kisha akainama, akafungua kamba za viatu, akavivua, akaingia. Akaketi sakafuni kwenye vumbi la saruji, mgongo wake ukiegemea ukuta wa Mzee Mhina, akashika miguu ya mkewe na kuirudisha kitandani, mmoja, halafu wa pili.

"Leo nimepakia mchanga," akasema.

Wifi akamtazama.

"Mchanga wa mtoni. Utingo alikuwa Hamza. Yule Hamza anayepiga miayo. Basi tumefika pale daraja la..." Akakwama. "Tumefika darajani, tukamkuta mbuzi amesimama katikati. Hamza akashuka. Mbuzi akapanda."

"Akapanda wapi?"

"Kwenye lori. Kwenye kiti cha Hamza."

Bi Mwanaidi akanivuta kanga, tukatoka. Jikoni aliketi kwenye kibao cha mbuzi, nami nikazichagua kunde za Mama Rehema kwa sababu mikono ilitaka kazi. Sauti ya kaka ilikuja kupitia bati, nzito, inakatika, inaanza tena. Yule mama alitega sikio.

"Anaongea," akasema.

"Anaongea, mama."

"Siku zote alikuwa anaweza?"

Nilikuwa na shingo inayouma, nilikuwa nimebeba lambo zima la Handeni juu ya kichwa changu tangu masika yaishe, sakafu ilikuwa imekatwa, msingi umechimbwa, matofali yamepangwa, na kumbe kilichotakiwa katika chumba kile ni mtu mmoja avue viatu. Ningeweza kuipindua sufuria ile ya kunde kwa hasira. Kaka aliketi pale kila jioni, miezi mitatu, akikosa hadithi anasimulia foleni ya malori kwenye mizani, mpaka Mwajuma, dada mkubwa wa Zubeda, akazaliwa hospitalini, mzima, na mdomo wa kwao. Watani hawakuwepo kuliona hilo, na kati ya walioliona tumebaki wawili, mimi na wifi. Wifi yuko edani, hapokei maswali. Kwa hiyo, Zubeda, ulipouliza kwa nini, jibu ni kwamba baba yako hakujua kama yeye mwenyewe alitosha.